Makapu Mawili ya Mama

Chumba cha Uani,
Jumanne, 14 Mei.
Asubuhi: mawingu na manyunyu, nguo hazikauki.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima. Goti la Baba linamsumbua, lakini kula anakula.

Habari kubwa ni mtihani wa Mama. Unajua amefua nguo za hospitali miaka kumi na tisa. Msimamizi wao alipostaafu, waliambiwa anayetaka nafasi hiyo afaulu kwanza Kiingereza. Mama akajiandikisha masomo ya jioni, pamoja na vijana wanaomwita Bibi.

Majina ya kawaida na majina ya pekee yalimtoa jasho wiki mbili. Hasira zake zote zilikuwa kwa Jumatatu.

"Jumatatu ipewe herufi kubwa, mimi niliyewazaa wanne niandikwe kwa ndogo?"

"Jumatatu haipigi kelele, mke wangu," Baba akamjibu.

Kisha Mama akapata njia yake mwenyewe. Kazini ana makapu mawili: la shuka, ambazo ni za yeyote, na la makoti ya madaktari, ambayo huyashonea utepe wenye jina la mwenyewe. Basi mji wowote ni shuka. Mji wenye jina lake ni koti. Tangu hapo hakukosea. Hata mezani alinong'ona, "Kijiko, shuka. Sahani, shuka. Jumatatu, haya, koti."

Siku ya mtihani, Ijumaa tarehe 3 (nimeiandika kwenye shajara), swali la kwanza lilitaka majina arobaini yatengwe mafungu mawili. Mama akatoa mkasi wake wa kazini, akaikata karatasi ya maswali neno kwa neno, akafunga mafungu mawili kwa uzi, akampelekea mwalimu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimetenga. Hesabu mwenyewe."

"Na swali la pili liko nyuma ya karatasi!"

Karatasi za ziada hazikuwepo. Wakainama wote wawili wakiunganisha vipande mezani, na liliposomeka, muda ulikuwa umekwisha kasoro dakika tano. Mama alirudi nyumbani akanyamaza siku kumi. Hata Baba aliogopa kumtania.

Jana matokeo yalitoka. Swali la kwanza amepata lote. La pili, huruma tu. Kufaulu ni alama hamsini, yeye ana hamsini na moja. Nafasi ni yake! Leo Baba amemwita "Bi Msimamizi" mara saba kabla ya chai.

Shangazi anakusalimu sana, na Kaka Fundi pia na wanawe.

Ndani ya bahasha utakuta utepe wenye jina lako, herufi ya kwanza kubwa kama sahani. Mama aliutarizi siku zile kumi za kimya. Anasema uushone ndani ya ukosi wa koti lako. Huko uliko hakuna akujuaye, naye hataki mwanawe atiwe kapu la shuka.

Mungu akutangulie kila uendako.

Nduguyo asiyechoka kukukumbuka,
Dada Shajara

Saa nne kasoro robo usiku. Mama bado anacheka chumbani kwake. Nalala.