Ushindi Mmoja, Madereva Watatu

Gitega, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu, shikamoo. Mama naye shikamoo. Natumaini goti ulilogonga safari iliyopita limepungua uvimbe, na maharage yamekauka kabla mvua haijarudi. Mimi ni mzima. Gereji ina kazi nyingi, na chumba changu kimepata bati jipya, kwa hiyo daftari langu la kila siku halilowi tena.

Nikueleze jambo lililonipata, kisha nikuombe moja.

Hapa gereji tunapenda kutazama kwenye simu mashindano ya magari ya saa ishirini na nne, yale ambayo madereva wa gari moja hupokezana usukani mchana na usiku. Ubishi wetu ni uleule: wa zamani na wa leo, nani zaidi? Mimi, kama unavyonijua, nilichora jedwali. Wiki mbili nilisoma na kuandika ushindi wa kila dereva, na wa leo wakawaacha wa zamani mbali. Jumatano nikampelekea fundi wetu mkuu, Mzee Silvesta, anayewatetea wa zamani. Alilisoma huku akifuta mikono.

"We Elia, watu watatu wameingiza mirija katika mtungi moja wa pombe, na we unaandikia kila mtu mtungi yake?"

Gereji nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Kweli, siku hizi gari moja lina madereva watatu, na kila mmoja nilimpa ushindi mzima. Zamani walikuwa wawili. Nikaanza upya, nikakwama tena: zamani breki zilikuwa dhaifu na barabara hazina kinga; leo mwendo ni mkali na wapinzani wanaachana kwa sekunde. Mizani moja haiwapimi.

Lakini katika kusoma nilimkuta dereva mmoja wa zamani aliyeninyima raha. Alikuwa na mwenzake, mzima, tayari kupokea. Yeye akakataa kumpa usukani. Aliendesha karibu saa zote peke yake, akiongoza, na ilipobaki kama saa moja gari likamfia. Wengine wanasema chuma kilichoka, wengine wanasema ni yeye aliyekosea gia. Silvesta anamsifu kuliko wote. Mimi nilifunga daftari, nikakuwaza wewe.

Baba, ulitoa lori Kigoma hadi Dar es Salaam peke yako, na sifa hiyo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini safari iliyopita ulisinzia ukaingiza pikapu mtaroni pale Bugendana, na dada yangu Ester ameketi pembeni yako, leseni mkobani. Ameniambia alikuomba usukani mara mbili tangu Muyinga, ukamjibu, "Nitapumzika tukifika."

Jumamosi unaleta maharage tena. Nakuomba umpe nusu ya njia. Nusu ipi, chagua wewe, na gia mkosoe upendavyo. Madereva wa leo hawaoni haya kushuka. Humwambia anayepanda breki zikoje, kisha huenda kulala. Hilo nalo nimeliandika kwenye jedwali, ingawa Silvesta anasema halina safu yake.

Nisalimie mama, shangazi anayetutunzia kuku, na jirani yetu mwalimu wa kwaya hapo Buhinyuza. Ester simtumii salamu. Nitampa mwenyewe Jumamosi, akishuka mlango wa dereva.

Mwanao akupendaye,
Elia