Si kitambaa changu kilichounguza wifi

Gédéon mutoto wangu, na wewe Olga muke wake,

Musichomeke tena kisanduku cha wifi na chargeur, chaja, yoyote mutakayookota. Asubuhi kilinuka moto, Olga akasema mbele ya wageni eti nimekiunguza kwa kukifunika na kitambaa changu. Mimi! Kitambaa kiangalieni, hakina hata doa.

Nilisoma shule ya primaire tu, lakini namba nazijua. Kisanduku kimeandikwa volti 9. Bwana Gédéon alichomeka chargeur ya redio, volti 12!

Mulipoenda sokoni nilikiwasha na chargeur yake yenyewe, taa zote zikaamka. Kizima kabisa.

Hiyo chargeur ya volti 9 iko ~~chini ya muto wangu~~ mu sakoshi yangu, ninaenda nayo kwetu Wamaza. Anayeitaka anifuate, aniombe musamaha. Na wale wageni aje nao.

Mama yako Gédéon, mama mukwe wa Olga