Orsa Kupewa Nusu Mstari

Burnie, 3 Mei

Kwako mjukuu wangu Tegan,

Hujambo huko Darwin na joto lenu? Mimi mzima, ila kifua tu, na baridi ya huku Tasmania imeshaanza ubaya wake. Nashinda mbele ya jiko la kuni na blanketi langu.

Nimemaliza kitabu cha nane cha Daraja la Ukungu. Mwandishi yule ana laana! Orsa wetu, mlinzi wa daraja, kilema wa mguu wa kushoto kama mimi, ambaye nimekusomea habari zake tangu una mapengo, kamuua. Tena hakumuua hata mbele yetu! Wakubwa wamekaa wanakunywa supu, mara anaandika: "Orsa naye hakuwapo tena." Basi, supu ikaendelea. Gauni la harusi la malkia limepewa kurasa nzima, na mwanamke aliyelishika daraja peke yake kapewa nusu mstari. Alifia wapi? Nani alimshika mkono? Nimekitupa kitabu kikampata paka.

Niandikie, maana hapa hakuna wa kugombana naye.

Bibi yako, Merle


Darwin, 15 Mei

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Pole na kifua, na mpe paka pole zangu. Mimi mzima, ila jiko la hoteli linanikausha kama samaki.

Nami nimefika hapo kwenye supu. Nililia ndani ya basi mpaka mama mmoja akanipa kitambaa, akidhani nimefiwa. Nikaona aibu kumwambia ni kitabu. Huko mtandaoni mashabiki wamechachamaa. Kuna aliyegundua kwamba kwenye kitabu cha saba Orsa anachechemea mguu wa kulia! Yaani mwandishi hata mguu wake haukumbuki. Sasa watu wanajiandikia wenyewe sura waliyonyimwa. Na mimi nimejaribu, nimeitia humu ndani. Kwangu Orsa hafi, anazinduka na kurudi nyumbani. Usinicheke.

Mjukuu wako, Tegan


Burnie, 2 Juni

Tegan, mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo kidogo, wamenilaza hospitali kwa sababu ya kile kifua. Mama yako asikutishe, unamjua.

Sura yako nimesomewa na muuguzi, Priya. We mtoto! Umemfufua Orsa, halafu ukampa mguu wa kulia! Hata wewe! Nimecheka mpaka wakaniletea oksijeni.

Lakini sitaki afufuke. Afe tu, ni mzee, kachoka. Ninachotaka afe tukimwona. Awe na mtu karibu, aseme neno, hata likiwa la kijinga. Nikuambie ukweli, mjukuu wangu, kufa kwenyewe sikuogopi. Naogopa kuwa nusu mstari, watu waendelee na supu yao. Hilo linaniliza humu wodini, na sijamwambia mtu ila wewe.

Niandikie sura hiyo, uje uisome mwenyewe. Priya ni mtoto mzuri, ila anasoma kama anatangaza mbio za farasi.

Bibi yako


Darwin, 9 Juni

Bibi wangu,

Shikamoo, na usijibu kwamba hujambo kidogo. Mkuu wa jiko kanipa ruhusa baada ya kununa sana. Jumamosi ijayo nipo hapo kitandani kwako.

Sura inakwenda, na mguu ni wa kushoto, nimeapa. Nimekwama mahali pamoja tu: Orsa aseme neno gani la mwisho? Wewe ndiye unayemjua. Nisubiri, Bibi. Tafadhali nisubiri.

Mjukuu wako


Burnie, 21 Juni

Bibi,

Sijui nianze na salamu gani. Shikamoo hata hivyo.

Mama alinipigia niko uwanja wa ndege. Akasema, "Bibi hayupo tena," kisha akauliza nani atanipokea. Masikini, alikuwa analia, sikumlaumu. Lakini nilikaa chini pale pale penye foleni, watu wakanizunguka na mabegi yao.

Tangu nifike nauliza kila mtu. Ilikuwa asubuhi, mvua inanyesha. Priya alikushika mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa na dripu. Barua yangu ilikuwa imefika, akakusomea swali langu. Ukaonja chai ya hospitali, ukakunja uso, ukasema, "Mwambie Orsa aseme chai hii ni maji ya kufulia soksi." Priya akacheka, akageuka kuweka kikombe. Alipokurudia ulikuwa umekwenda, na mkono wako bado uko wazi juu ya shuka.

Nimeimaliza sura. Orsa anakufa asubuhi, mvua inanyesha, kashikwa mkono, na anasema neno lako hilo hilo. Jana baada ya kukuzika niliisoma yote mbele ya watu, mguu wa kushoto mwanzo mpaka mwisho. Nililia, nikasimama, nikaendelea. Supu ya boga ilikuwa tayari mezani, na mjomba alishaanza kunyoosha kijiko.

Sikumruhusu mtu kugusa supu mpaka nilipomaliza.

Mjukuu wako,
Tegan