Matundu ya Guyo Hayazibwi

Guyo,

Salaam aleikum. Mimi Mkristo wa Meru, najua, lakini miaka saba ya kufungua gereji pamoja imenizoeza kuanza hivyo, na sasa nani atanigeuza? Nimekaa kwenye kiti chako ndani ya gari yetu, karatasi juu ya usukani. Jana walikusomea dua ya arobaini. Nilikaa nje karibu na viatu vya watu, nikasikia jina lako, nikalia. Usinicheke.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na ni wewe peke yako uliyeizoea hasira yangu.

Askari wa kizuizi walitaka nizibe matundu. Yale mawili uliyotoboa kwenye dashibodi ili mama yako asizimie tena njiani kutoka Kinna. Gari hii kuukuu, aliyotuachia yule mzungu daktari wa mifugo aliporudi kwao, ilikuwa inatupika miguu. Ukasema utaifundisha kupumua. Nikakwambia umerukwa na akili. Ukakata madebe ya mafuta ya taa, ukatengeneza mdomo wa bati mbele ya rejeta, ndani yake ukaweka gunia, na juu ya gunia ukatundika ule mfuko wa turubai wa maji, udondoke polepole. Upepo unaingia, unapita kwenye gunia lililolowa, unafuata bomba mpaka kwenye dashibodi. Siku ya kwanza ulitupulizia mvuke wa moto usoni, maana bomba ulilipitisha karibu na injini. Tulicheka mpaka tukasimamisha gari. Ukalivika bomba blanketi kuukuu, ikakubali. Vifuniko ukavikata kwenye mikebe ya rangi ya viatu, mtu avizungushe apeleke upepo anapotaka. Tundu la kushoto ulilitoboa upande, Guyo. Mpaka leo linanikera.

Halafu ile siku ya kizuizi. Nimeirudia kichwani mpaka nimechoka. Vita hivi vya shifta, waasi wa porini, vimefanya kila Mborana aliye barabarani awe na la kujibu, na Kiswahili chako hakikuwahi kutenganisha hewa na hawa. Nilikurekebisha mara ngapi? Ukanijibu yote ni upepo. Askari akagonga bomba kwa mtutu wa bunduki, akauliza linaleta nini. Ukamwambia, "Inaleta hawa." Akauliza hawa akina nani. Na wewe, kwa fahari yako, ukaongeza, "Iko mingi sana huko porini!" Ukacheka. Wallahi, ungeacha kucheka.

Mimi nilikuwa kando yako. Neno moja tu, Guyo, hewa, lingenitoka mdomoni na mambo yangekwisha. Lakini niliiona bunduki, nikawaza nyumba yangu na watoto wangu, nikajiambia hawanitafuti mimi. Nikanyamaza. Wakakushusha. Siku nane kwenye chumba cha mabati kisicho na dirisha, wewe, mtu wa kutoboa matundu! Ulitoka na kikohozi, na kikohozi hakikukuacha. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ungenitukana ningepumzika.

Sasa sikia. Tulipokwisha kukuzika, sajini wa kizuizi aliniambia nilehemu matundu yote mawili, la sivyo gari haitoki mjini. Na mama yako yuko Kinna, kifua kimembana, na daktari yuko huku. Wameru wenzangu nao wakanishika masikio. Achana na gari ya Waborana, utaponzeka. Nikawaambia gari ni ya Guyo na mimi, na nusu ya Guyo siigusi.

Nikaenda kwa sajini na sanduku la spana. Nikamwambia silehemu. Kama unaogopa kilichomo, nafungua uone. Akadhani natania. Nikatandika turubai katikati ya barabara, saa sita mchana, nikang'oa dashibodi yote. Malori nyuma yangu yanapiga honi, madereva wananitukania mama, mimi nafungua skurubu moja moja. Nikapanga kila kitu juu ya turubai: mikebe, bomba, blanketi, gunia. Nikaushika mkono wa sajini, haki ya Mungu niliushika, nikauweka juu ya gunia bichi. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Hii ni hewa. Guyo alitaka kusema hewa." Nilichelewa, najua. Lakini nimelisema.

Hakuomba msamaha, usije ukafurahi bure. Alifuta mkono kwenye suruali, akasema basi kila nikipita nitakuwa nafungua. Alidhani nitachoka. Wacha we! Nilirudi gereji nikatupa skurubu zote, nikaweka zile nati zenye masikio, za kufungua kwa vidole. Sasa dashibodi inatoka kabla askari hajamaliza kusoma kibali changu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua, nikapitisha bomba la pili chini ya viti, nikatoboa tundu la tatu, la kiti cha nyuma. Limenyooka. Ungeliona ungejifunza kazi.

Juzi niliingia kwenye msafara wa jeshi nikaenda Kinna. Nilifungua kwenda, nikafungua kurudi. Vidole vimechubuka, na sijali. Wale askari wengine sasa wakiniona wanaangalia pembeni, kana kwamba mimi ndiye ninayewasumbua. Na ninawasumbua kweli.

Guyo, wacha nikuage, jua limenifikia. Ninakuahidi haya matundu hayazibwi nikiwa hai. Wakisema fungua, nitafungua, mpaka vita viishe, na vikiisha nitaendesha nikipulizwa mchana kutwa. Na siku mtu mwingine akishushwa kando yangu kwa sababu ya neno, sitanyamaza tena, hata nikishushwa naye. Lala, ndugu yangu.

Mama yako amefika. Alilala kiti cha nyuma njia nzima, hakuzimia. Tulipokaribia mji, jua liko utosini, akanigusa bega. Nikaogopa sana. Nikasimamisha gari, nikageuka. Akaniomba nizungushe kile kifuniko, nimpunguzie upepo. Alikuwa anasikia baridi.

Mwiti