Juisi ya Papa Hadija

Jumapili, Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa imekatika, mabati bado yanadondosha. Miguu yangu imeamka vizuri leo. Moyo ndio umeamka vibaya.

Nimekaa mlangoni na simu mkononi, naandika, maana nikikaa bure nitalia, na leo sina wa kunibembeleza. Wa kunibembeleza amevaa kofia yake akatoka bila kunywa chai. Mimi ndiye niliyemfukuza, kwa maneno ya mdomo wangu mwenyewe, asubuhi hii hii.

Ngoja nieleze taratibu.

Mimi ni fundi wa nguo, na mashine yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Mwaka huu nilipimwa damu, wakakuta kolesteroli imepanda mpaka daktari akanitazama juu ya miwani yake. Nikapewa kidonge cha kumeza kila jioni. Nikakimeza kwa adabu. Mtu akikuambia mishipa ya moyo wako iko mbioni kuziba, hubishani naye.

Mateso yalikuja baadaye. Yalianza mapajani, yakashuka kwenye mashavu ya miguu, yakapanda mpaka mabegani. Si maumivu ya kupiga kelele. Ni kama umelima shamba zima jana, na jana yenyewe ulishinda umekaa. Nikikanyaga mashine kidogo tu, miguu inagoma. Kwenye sala, nikishasujudu, kunyanyuka ni vita. Mwisho nikaanza kusali juu ya kiti, mimi niliyekuwa nawacheka wenzangu wa kwenye viti! Wateja wanakuja kuulizia nguo za harusi, nawaambia kesho, na kesho yenyewe haifiki.

Majirani wakaniambia niachane na hiyo dawa, ndiyo inayonimaliza. Sifichi kitu hapa: nilianza kuwasikiliza. Nilikuwa nakitazama kile kidonge kiganjani nakiuliza, haya, kati yangu na wewe, nani atamtoa mwenzake?

Sasa njooni kwa Papa Hadija, mume wangu. Huyu alikuwa dereva wa lori, amebeba mchele kutoka Bugarama mpaka mgongo ukakataa, ndipo akastaafu. Tangu tuoane, jikoni alikuwa anapita kama mgeni anayetafuta choo. Sukari iko wapi hajui. Chumvi akiiona anauliza kama ni sukari.

Lakini mama yake mzazi alianguka ghafla shambani, kule Gashonga, damu ikampanda kichwani. Yeye alikuwa barabarani na mchele wa watu. Alipofika walikuwa wameshamzika. Hilo halijamtoka mpaka leo, ingawa halitaji. Siku niliyorudi na majibu yangu ya damu jioni nzima hakuiwasha redio. Kesho yake akaingia jikoni.

Huku kwetu hakuna asiyejua kwamba kitu kikali kinakata mafuta. Ukila mbuzi mwenye mafuta, unaletewa maji ya moto na limau, basi, umepona. Papa Hadija akapiga hesabu zake. Kama limau linakata mafuta ya sahani moja, mafuta yaliyoingia kwenye damu yanataka kitu kikubwa zaidi. Akachagua balungi, lile tunda sisi tunaloliita pamplemusi. Akapatana na mama mmoja anayevuka mpaka kutoka Bukavu na beseni kichwani, awe anamletea yale makali kabisa, yale ambayo ukiyalamba tu uso unakunjamana.

Basi kila asubuhi baada ya sala nasikia kisu, nasikia kikamulio, halafu nasikia "aii!" Hapo najua tone limemrukia jichoni. Halafu anakuja na glasi imefunikwa kisosi, anatembea polepole isimwagike, kama bwana harusi anayeogopa kukanyaga shela.

"Kunywa yote, Maman Hadija. Hii iko inakata mafuta yote."

Nilikuwa nakunywa yote. Machozi yananitoka, masikio yanapata moto, nakunywa. Nikisema miguu inauma, kesho yake anaongeza balungi jingine. Nikisema sasa inauma zaidi, anaongeza tena. Mwisho glasi ikawa jagi.

Na niseme ukweli wangu, niliipenda ile juisi. Siyo ladha yake, ladha yake Mungu anisamehe. Nilimpenda yeye akiwa amesimama pale na shati limelowa kifuani, ananisubiri nimalize, ananitazama kooni kama anahesabu kila funda linavyoshuka. Mwanaume huyu hajawahi kuniambia neno tamu mbele ya mtu. Lile jagi ndilo lilikuwa neno lake.

Alhamisi nikaenda kliniki, nimechoka kuvumilia. Nilishaamua kumwambia daktari kwamba dawa yake siitaki tena.

Akaniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikasema hapana, kama nilivyojibu siku zote. Juisi si dawa, jamani, juisi ni juisi. Akanibonyeza mapaja, akanitoa damu, akanambia nisubiri majibu. Wakati tunasubiri, sijui nilipatwa na nini, nikaanza kujisifu. Nikamwambia, daktari, wewe unaona wake wengi wanakuja hapa peke yao na ugonjwa wao, mimi mume wangu ananikamulia pamplemusi kila asubuhi, jagi zima, kwa mikono yake.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi," nikajibu, kwa maringo yote.

Akavua miwani. Akanieleza polepole, kwa upole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Kumbe lile tunda linauzuia mwili kuivunjavunja dawa kama ile ninayomeza. Dawa inabaki kwenye damu, inajazana. Mimi nameza kidonge kimoja, mwili unaona kama nimemeza vingi, na misuli ndiyo inayolipia. Akasema si kila dawa ya kolesteroli inagombana na balungi, ila yangu ndiyo mojawapo. Majibu yakarudi, misuli imeumia lakini figo ziko salama, alhamdulillahi. Akanipunguzia kipimo cha dawa, akaniambia nirudi apime damu tena. Kidonge nisikiache kwa kichwa changu. Balungi niliache kabisa.

Nilikwenda kumsifu mume wangu, nikatoka nimemshtaki!

Nikarudi nyumbani nacheka njiani peke yangu, halafu nikamwona pale uani anamenya mapamplemusi ya kesho huku anaimba puani, na kicheko kikanikauka. Nitamwambiaje mtu huyu? Mtu aliyechelewa kwa mama yake, akaapa hatachelewa kwangu. Nimwambie kwamba maumivu yote haya alikuwa ananiletea yeye mwenyewe, kwenye glasi iliyofunikwa kisosi?

Sikumwambia.

Ijumaa asubuhi nilimwambia nitakunywa taratibu, akageuka, nikaimwaga juisi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Jana hivyo hivyo. Nikarudi na jagi tupu, nikajifuta mdomo, nikamchekea. Wee! Nimeolewa na uongo siku mbili tu nikauona ulivyo mzito kuliko maumivu ya miguu.

Tena miguu yenyewe ikaanza kupata nafuu. Jana nilijaribu kusali chini bila kiti, nikanyanyuka kutoka kwenye sijida bila kushika ukuta, na yeye akaniona. Alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Umeona? Umeona pamplemusi? Munganga wako ni mimi!"

Nikamjibu ni kweli. Ningejibu nini?

Kumbe tangu Ijumaa alikuwa ameshaitangaza juisi yake msikitini. Jana jioni akarudi na mfuko wa mapamplemusi mkubwa mara mbili ya kawaida, ameubeba begani, anahema kwa furaha. Nikamuuliza huu mwingine wa nini. Akasema wa Mzee Kasimu, jirani yetu wa nyumba ya pili, maana naye anameza kidonge cha kolesteroli, na kwamba atamkamulia yeye pia kuanzia leo asubuhi. "Batu babili, kazi moja," akasema, yaani watu wawili kwa mkamuo mmoja.

Nimewahi kuliona boksi la dawa la Mzee Kasimu. Ni kama langu, rangi ile ile, jina lile lile. Na Mzee Kasimu si mimi. Ni mzee wa fimbo, figo zake zilishamsumbua mwaka jana.

Hapo sasa huruma yangu ikawa inataka kumuumiza mtu mwingine.

Leo asubuhi nikakuta chupa imeshajazwa, imefungwa vizuri kwa kitambaa, na yeye anavaa viatu. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia yote kwa mara moja, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Daktari alivyosema. Dawa inavyojazana. Mzee Kasimu asiguse hii chupa.

Alibaki ameshika kiatu kimoja.

"Njo kusema mimi nilikuwa nakuumiza?"

"Si wewe. Ni tunda."

"Nani alikuwa analikamua?"

Akaniuliza najua tangu siku gani, nikasema Alhamisi. Akafikiri. Nikamwona anafikiri, na nikajua anakokwenda.

"Na juisi ya Ijumaa? Na ya jana?"

"Niliimwaga kwenye migomba."

Hakugomba. Heri angegomba! Akaiweka chupa mezani, akavaa kiatu cha pili, akachukua kofia, akatoka kwenye mvua ikiwa bado inanyesha. Ndipo nilipokaa hapa na simu yangu. Mvua imeisha, chai imepoa, nimeimwaga nimepika nyingine, na hiyo nayo imepoa.

Najiuliza kama nilifanya vizuri kumwambia akiwa na kiatu mkononi, bila hata kumkalisha. Najiuliza kama atakuwa amekwenda Gashonga kwenye kaburi la mama yake. Najiuliza, mtu ukimpenda unamwambia kila kitu, au kuna vingine unavimwaga kwenye migomba ukanyamaza?

Nasikia mlango wa uani. Naacha kidogo.

Nimerudi. Ni yeye.

Hakwenda Gashonga. Alikwenda kwa Mzee Kasimu. Alikuta wazee wenzake wanakunywa chai barazani, wale wale aliowahubiria Ijumaa, na akasimama mbele yao wote akasema ile juisi yake ni mbaya kwa ile dawa, wasiinywe, yeye mwenyewe ameshamuumiza mke wake nayo. Mwenye kumeza kidonge chochote amuulize kwanza daktari. Halafu akakataa chai yao, kwa aibu, akazunguka nje ya uwanja wa ndege wa hapa Kamembe peke yake mpaka miguu ikachoka.

Haya yote aliniambia akiwa amekaa pembeni yangu hapa hapa mlangoni, anaangalia viatu vyake vilivyolowa. Kofia imemng'ang'ania kichwani kwa maji. Nikaivua, nikaikamua, nikaiweka kwenye goti langu.

"Juisi minaisamehe," akasema. "Ile ni kutojua. Lakini ulimwaga, halafu ukanichekea."

"Niliogopa utamkumbuka mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. "Namukumbuka kila siku," akasema. "Hata bila juisi."

Nikamwomba msamaha. Nililia pia, sioni haya kuandika hapa. Yeye hakulia, lakini alipangusa pua kwa mkono wa shati, na huyo ni mtu anayetembea na leso mfukoni.

Tukakaa. Watoto wa jirani walipita na madumu ya maji wakatuamkia, tukaitikia kama hakuna kilichotokea. Baadaye sana akauliza, kwa sauti ndogo ambayo siijui:

"Sasa asubui minakufanyia nini?"

Mungu wangu. Hilo ndilo lililokuwa linamtembeza kule kwenye uwanja wa ndege. Si aibu ya wazee. Alikuwa ananipigania kila asubuhi, na leo nimemnyang'anya kazi yake.

Nilitaka kumwambia asijali, akae tu, nimeshapona. Nikajizuia. Sijapona, na sitaki akae tu.

"Unikande miguu," nikasema. "Hiyo haigombani na dawa."

Akanitazama aone kama namtania. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akauweka mguu wangu wa kushoto mapajani mwake, hapa hapa mlangoni mchana kweupe, watu wanapita. Sikuamini. Akaanza kukanda.

Jamani, mikono iliyoshika usukani maisha yote haijui polepole. Aliponibana shavu la mguu nikaona nyota. Nikang'ata meno, na neno asante likawa limeshafika ulimini, tamu na la uongo.

"Unaniumiza, Papa Hadija," nikasema.

Mikono ikasimama. Nikaogopa ataiondoa, atavaa kofia yake mbichi aende tena. Hakuiondoa. Alilegeza vidole, akavisogeza kidogo, akainua macho.

"Hapa, ao hapa?"

Nikamwonyesha.