Kitufe cha Nyimbo Kanisani

Jumapili, 15 Juni. Igowole imeamka na ukungu na baridi ya kuuma vidole.

Benedicta, leo nina hasira kweli.

Kile kitufe nilichotengeneza kwenye simu, cha kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Ibada imeanza, nimebonyeza. Ukuta mweupe. Nimeomba, nimebonyeza tena. Mara kumi na moja.

Mzee Rabson, msimamizi wa kwaya, kasema kwa sauti, "Mama Goodness, au ukuta haujaokoka?" Kanisa zima likacheka.

Baada ya ibada nikakagua kompyuta ya kwaya niliyoazimwa. Programu ya maneno ya nyimbo ilikuwa imefunguka mara kumi na moja. Kumi na moja, Benedicta. Seva, ile inayopokea amri ya kitufe humo kwenye kompyuta, inaifungua kwenye akaunti yake yenyewe, isiyo na skrini, kwa hiyo hakuna anayeiona.

Na mwalimu Lusekelo, anayenifundisha kompyuta jioni, aliniambia, "Nimeijaribu, inafanya kazi." Aliifungua kwa mkono wake, kwenye skrini yake. Kitufe hakukigusa.

Mzee Rabson akataka nirudishe kompyuta ya kwaya hapo hapo. Nikasimama mbele ya wanakwaya wote nikasema, "Jumapili ijayo seva itapokea namba ya wimbo tu. Dirisha la programu nitalifungua mimi kwa mkono, kwenye skrini, kabla ya ibada. Maneno yasipotokea, kompyuta naikabidhi mwenyewe, na hamtanisikia nikilalamika."