Kitambaa cha Kijani Kisimani kwa Gobnait

Muireann, dada yangu uliye Boston,

Huku nyumbani Kerry hatujambo, mvua tu. Siku hizi mimi ni mtu mkubwa: namwendesha kwa gari profesa anayechora ramani ya kila kisima ambako watu humwomba Mtakatifu Gobnait tangu kale. Bila mimi angepotea, yeye na elimu yake yote!

Jumanne, kwenye kisima cha mlimani, nilifungua kitambaa kimoja kati ya vile vilivyofungwa kwenye mti, nikafutia mikono. Bibi Nápla, mtunza kisima, akapiga ukelele: "We bwege! Hujui mgonjwa hufunga kitambaa pale ili auache ugonjwa wake? Anayekifungua huondoka nao!"

"Basi tutakwenda kunywa nao bia, bibi," nikamjibu. Profesa akacheka. Ndipo nikakitazama. Cha kijani, kimetariziwa nyuki: kipande cha mtandio niliokupa Krismasi. Na Agosti, ulipokuja, ulisema unakwenda kunyoosha miguu tu.

Nikakikunja, nikakitia mfukoni. Sikirudishi. Kama ni kweli, ugonjwa na ukae kwangu, nina kifua kipana. Ila niandikie upesi, dada: ulikuwa unaumwa wapi? Nami nijue pa kuogopa.

Kaka yako mwoga,
Fiachra